Bei ya Mashine Mpya ya Michezo: Tuipime kwa Kipimo Gani?

Kila mara mashine mpya ya michezo inapotoka katika viwanda vya ng'ambo, swali moja huzuka kati yetu, hata kama hakuna aliye na fedha za kuinunua. Mkutano wa kikundi umekwisha, watu wangali wamesimama mlangoni, na mmoja anasema: « Dola mia saba kwa mchezo! Huo ni wizi. » Mwingine anamjibu: « Si wizi. Mwenye mali ndiye apangaye bei. Asiyetaka na aache. » Wote wawili huenda nyumbani wakiwa na hakika kwamba wamesema kweli. Sisi tunaona kwamba kila mmoja ameshika nusu ya ukweli.

Msidhani kwamba jambo hili ni la kitoto. Wengi wenu mnaingia katika vibanda ambamo kila mechi hulipiwa, mnacheza kwa mashine kuukuu iliyokwisha kupita katika mikono mingi. Wengine mtapata mshahara wa kwanza na kutamani kununua ya kwenu. Kijana ajuaye kupima bei ya mashine ya michezo atajua pia kupima bei ya simu, ya pikipiki na ya kiwanja. Asiyejua atapimiwa na wengine.

Tuchukue mfano ambao habari zake zimekwisha kujulikana, kwa maana kesi iliyopoa huamuliwa vizuri kuliko ile ingali moto. Mwezi wa Novemba 2006 kampuni ya Sony ya Japani ilitoa PlayStation 3. Nchini Marekani ile ndogo, yenye gigabaiti 20, iliuzwa dola 499, na ile kubwa, yenye gigabaiti 60, dola 599. Mwaka uliotangulia Microsoft ilikuwa imeuza Xbox 360 kwa dola 299 na 399. Katika mwezi uleule wa Novemba Nintendo ilitoa Wii kwa dola 249. Mtu aliyekuwa na fedha za PlayStation 3 kubwa aliweza kununua Wii mbili na kubaki na dola mia moja mfukoni. Kelele zilikuwa nyingi, na neno « wizi » lilitamkwa kwa lugha zote.

Hata hivyo, wataalamu wa kampuni ya iSuppli waliifungua mashine hiyo, wakahesabu kila kipande na kazi ya kuviunganisha. Walikadiria kwamba ile ya dola 599 iligharimu kama dola 840 kuitengeneza. Ndani yake mlikuwa na ubongo mpya uitwao Cell, ambao Sony, Toshiba na IBM walikuwa wakiufanyia kazi tangu mwaka 2001. Mlikuwa na kisomeo cha diski za Blu-ray, wakati ambapo kisomeo cha kwanza cha namna hiyo kutoka Samsung kiliuzwa Marekani karibu dola elfu moja peke yake. Mlikuwa pia na vipande vya mashine ya zamani, ili michezo ya PlayStation 2 iendelee kuchezwa. Kwa hesabu hiyo, Sony ilipoteza zaidi ya dola 200 kwa kila mashine iliyouzwa. Mwizi hauzi kwa hasara. Basi yule aliyesema « si wizi » ana haki ya kusikilizwa.

Lakini tusimwache aende kabla hatujamwuliza swali la pili: gharama hiyo ni ya kweli, lakini ni nani aliyeichagua? Ukimwagiza seremala benchi la jikoni, naye akakuletea benchi la mpingo lenye nakshi, hakudanganyi anapokuambia kwamba mti ni ghali. Ila wewe ulitaka mahali pa kukaa. Vijana wengi waliotaka PlayStation 3 walitaka kucheza kandanda na mbio za magari. Sony ilitaka na jambo jingine: kulishinda kundi la Toshiba, lililokuwa likiuza diski za namna nyingine ziitwazo HD DVD. Kila mashine iliyoingia sebuleni mwa mtu ilikuwa askari mmoja zaidi katika vita hivyo, navyo vilikwisha mwezi wa Februari 2008, Toshiba ilipokubali kushindwa. Tena hasara ya mashine haikuwa sadaka. Katika biashara hii mtengenezaji wa mashine hupokea ushuru wake katika kila mchezo unaouzwa, hata ule uliotungwa na wengine. Anapoteza mlangoni ili apate ndani ya nyumba. Mnunuzi aonaye bei moja dukani hajaiona bei yote.

Wahenga walisema: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. PlayStation 2 ilikuwa imependwa duniani kote kuliko mashine yoyote iliyoitangulia, na sifa hizo ziliwalevya wenyewe. Ken Kutaragi, aliyekuwa akiiongoza kazi hiyo, alipata kusema kwamba alitaka mnunuzi aone heri kufanya kazi saa nyingi zaidi ili aipate mashine hii. Hapa ndipo sisi tunapokwama. Kwa kijana wa Marekani aliyelipwa dola 10 kwa saa, dola 599 zilikuwa saa 60 za maisha yake, karibu juma moja na nusu la kazi. Kwa kijana wa kwetu apakuaye mizigo sokoni, ni hesabu ambayo hatuna haja ya kuiandika. Fundi anaweza kuipenda kazi ya mikono yake. Hilo ni jema. Ila mwenye kutaka saa za maisha ya watu ni lazima aulize kwanza kama wanazo.

Wanunuzi walijibu kwa njia ya kale kabisa: walingoja. Mwezi wa Julai 2007 ile ya dola 599 ilishushwa Marekani hadi dola 499. Kabla ya mwisho wa mwaka huo ilitoka nyingine ya dola 399, ambayo haikuweza tena kucheza michezo ya PlayStation 2. Mwezi wa Septemba 2009 ikatoka nyembamba zaidi kwa dola 299, yaani nusu ya bei ya kwanza, katika muda usiotimia miaka mitatu. Kushuka huku kunatufundisha mambo mawili. Kwanza, sehemu ya gharama iliweza kuondolewa. Basi haikuwa ya lazima kwa kila mnunuzi. Pili, sehemu kubwa ya bei ya siku ya kwanza hulipia haraka: kuwa nacho leo, kabla ya jirani.

Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika karne ya 13, alijiuliza swali hilihili aliposhughulikia kuuza na kununua. Alikubali kwamba mwuzaji aweza kuongeza bei ikiwa kukitoa kitu chake kunamletea hasara. Lakini alikataa mtu apandishe bei kwa sababu tu mnunuzi anakihitaji mno. Haja hiyo si mali ya mwuzaji, basi hawezi kuiuza. Kipimo hiki kinatufaa, ila tukitumie kwa uangalifu. Mashine ya michezo si unga wala dawa ya malaria. Hakuna mtoto atakayelala na njaa kwa kuikosa. Kwa hiyo bei yake kubwa haifanani na ya yule afichaye mahindi wakati wa njaa. Nayo tamaa, tofauti na njaa, yaweza kuambiwa « ngoja », ikangoja.

Nintendo ilijifunza jambo hilo kwa uchungu mwaka 2011. Mwezi wa Machi iliuza Marekani mashine yake ndogo ya mkononi, Nintendo 3DS, kwa dola 249. Watu hawakuifuata. Mwezi wa Agosti bei ilishushwa hadi dola 169. Wale waliowahi kuinunua kwa bei ya juu walipewa michezo 20 bila malipo, na Satoru Iwata, rais wa kampuni, alijikata nusu ya mshahara wake. Hatumtangazi kuwa mtakatifu. Alikuwa mfanyabiashara aliyetaka kuiokoa kazi yake. Lakini ni mara ngapi tumeona aliyekosea kupanga bei akiubeba mwenyewe sehemu ya mzigo? Kwa kawaida mzigo huteremka ngazi, haupandi.

Tungeweza kumaliza hapa, tukiwaambia: subira yavuta heri, ngojeni na bei itashuka. Lakini siku hizi hata methali hii inajaribiwa. PlayStation 5 ilitoka mwezi wa Novemba 2020 kwa dola 499. Mwaka 2022 bei yake ilipandishwa katika Ulaya, Japani na nchi nyingine, na mwezi wa Agosti 2025 ikapanda Marekani hadi dola 549. Ile yenye nguvu zaidi, PlayStation 5 Pro, ilitoka Novemba 2024 kwa dola 699, tena bila kisomeo cha diski. Aliyengoja miaka mitano alilipa zaidi ya yule aliyekimbilia siku ya kwanza. Basi subira iwe na sababu iliyo bora kuliko kungojea punguzo.

Sababu hiyo iko karibu nasi kuliko tunavyodhani. Ndani ya simu, kompyuta na mashine za michezo mna vipande vidogo vinavyotunza umeme, viitwavyo kapasita. Baadhi yake hutengenezwa kwa tantali, na tantali hutoka katika jiwe ambalo kila mtoto wa Kivu analijua kwa jina: koltani. Mwaka 2000 bei ya madini hayo ilipanda ghafula duniani. Vijana na wakulima wengi wa Kivu waliacha mashamba na shule, wakakimbilia machimbo. Mwaka uliofuata bei ilianguka, mashamba yakiwa yamekwisha kuota majani. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika katika ripoti yao ya mwaka 2001 jinsi utajiri huo ulivyowalisha wenye bunduki. PlayStation 2 ilitoka mwaka huohuo wa 2000. Si haki kuutupia mchezo mmoja lawama yote, kwa kuwa simu na kompyuta zilidai madini yaleyale. Lakini si haki pia kusema kwamba mchezo haukuwamo.

Tazameni sasa hesabu ya dola 840. Mna ubongo wa mashine, mna kisomeo, mna kazi ya kiwandani. Tantali iliyomo katika mashine moja ni kidogo sana, na fungu la mchimbaji wa mikono, kama yule wa vilima vya Rubaya kule Masisi ashukaye shimoni na beleshi, ni dogo kuliko hilo. Hata angelipwa maradufu, mnunuzi dukani asingeona tofauti. Yaani bei yaweza kuwa kubwa mno kwa anunuaye, ndogo mno kwa atengenezaye, na bado isimfikie aliye chini kabisa. Kumbe ukubwa wa bei si dalili ya haki, wala udogo wake. Mwaka 2010 Marekani ilitunga sheria inayozidai kampuni zilizoandikishwa katika masoko yake ya hisa zichunguze na kutangaza kama madini yao yanatoka kwetu au kwa majirani zetu. Hiyo ilikuwa hatua. Lakini kutangaza asili ya jiwe si sawa na kumlipa aliyelichimba.

Basi hukumu yetu ndiyo hii. Bei ya PlayStation 3 haikuwa wizi: hakuna aliyelazimishwa, na kitu kilichouzwa kilikuwa na thamani iliyosemwa. Lakini kusema kwamba gharama ilikuwa kubwa hakutoshi kuihalalisha, kwa sababu gharama ilichaguliwa na mwuzaji kwa makusudi yake, na kwa sababu katika hesabu yote ile mtu mmoja hakuhesabiwa. Yule wa « wizi » alikosea neno. Yule wa « asiyetaka aache » alisahau kwamba wako wasioweza kuacha, nao si wanunuzi.

Wapenzi vijana, kucheza si dhambi, na kijana asiyecheza huzeeka kabla ya siku zake. Mkipenda, vikundi vyenu vijadili jambo hili siku moja, na kabla ya kusema bei ni ghali au ni rahisi viulize mambo matatu: ninalipia nini hasa, kitu au haraka? Ni saa ngapi za kazi yangu, au za baba na mama, zitakwenda humo? Na katika fedha hizi, aliyechimba atapata nini? Maswali mawili ya kwanza mtayajibu wenyewe kwa kalamu na karatasi. La tatu hamtaweza kulijibu, kwa sababu jibu lake haliandikwi juu ya sanduku lolote linalouzwa dukani. Ndilo tunaloomba msiliache, hasa ninyi mliozaliwa juu ya jiwe lenyewe. Siku moja baadhi yenu mtakuwa wanasheria, wahandisi, wafanyabiashara na wabunge. Mlidai jibu hilo mkiwa huko.