Bawasiri: Mpira Kwanza, Mashine Baadaye

Kwenye nguzo za umeme na kuta za stendi za mabasi, bawasiri ina soko lake. Vikaratasi vinaahidi dawa ya kupaka, ya kunywa na ya kujifukiza, namba ya simu chini. Wateja hawakosekani. Anayeona damu chooni hutafuta kwanza mahali asikoulizwa maswali mengi, na hospitali anaiogopa kwa sababu anachokijua huko ni kisu.

Hofu hiyo si ya bure. Upasuaji wa kukata bawasiri huuma, na kwa siku kadhaa mgonjwa huogopa hata kwenda haja. Ila bawasiri nyingi za ndani hazihitaji kisu. Mwaka 1963 James Barron wa Marekani alieleza njia ya mpira ambayo bado inatumika. Daktari huingiza kibomba kifupi, humulika, akakiona kinyama kilichovimba, akakivuta ndani ya kifaa cha mkononi na kuachia mpira mdogo ukibane shinani. Damu haipiti tena. Kinyama hunyauka na kudondoka chenyewe, mara nyingi ndani ya wiki moja au mbili. Sehemu hiyo ya juu haihisi maumivu kama ngozi ya nje, ndiyo maana kazi hufanyika kliniki bila nusukaputi. (Mpira ukifungwa chini mno, mgonjwa hatasubiri kuulizwa.)

Sasa hospitali za umma zinunue nini? Mwaka 1998 Antonio Longo wa Italia alitangaza mbinu ya kifaa cha mviringo kinachokata na kushona kwa pini za chuma, na wengi wakadhani kisu kimestaafu. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa 2016 ulionyesha vingine: katika miezi 24, waliopasuliwa kwa njia ya zamani walikuwa na maisha bora zaidi, na gharama yao ilikuwa ndogo.

Mwaka huohuo, utafiti mwingine wa Uingereza ulipambanisha mpira na upasuaji wa kufunga mishipa ya damu inayolisha bawasiri. Baada ya mwaka mmoja, tatizo lilikuwa limerudi kwa asilimia 49 ya waliofungwa mpira, dhidi ya asilimia 30 ya waliopasuliwa. Pengo hilo si dogo. Lakini walipohesabiwa waliofungwa mpira zaidi ya mara moja, lilipungua sana, huku upasuaji ukiuma zaidi na kugharimu zaidi. Kwetu, ambako foleni ya chumba cha upasuaji ni ndefu, kurudi kliniki kufungwa mpira mwingine si hasara.

Mpira hauwafai wote. Bawasiri za nje haufungi, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda lazima aseme mapema.

Kwangu mimi, hoja nzito kuliko zote ni kile kibomba. Damu ya haja kubwa si ya bawasiri tu. Saratani ya utumbo mpana nayo huweza kujionyesha hivyo, na dawa ya nguzoni haichungulii mtu. Aliyechunguzwa akatiliwa shaka atapelekwa mapema kwenye kolonoskopi, yaani kuchunguzwa utumbo mpana kwa kamera.

Kwa hiyo, kabla bajeti haijapitisha mashine ya pini, kila hospitali ya wilaya iwe na kibomba, taa, kifaa cha mpira na daktari aliyefundishwa kukitumia. Nawe unayeificha damu hiyo, nenda ukaangaliwe.