Kocha anaenda: tusianze na jina



Tangu juma mbili hakuna habari ingine hapa kwetu. Mwalimu anayefundisha ekipe yetu ya mupira amemwambia Bwana Prefe kama trimestri hii ikiisha yeye ataacha. Hesabu ataendelea kufundisha, lakini mupira basi. Tangu habari ile itoke, kila mutu amekuwa federasio. Pale kwenye robine, wakati wa kungojea maji, wa kalasi ya tatu wanataka muchezaji mumoja wa zamani wa muji. Wa kalasi ya ine wanasema hapana, achukuliwe mwalimu mupya wa jimnastiki. Wadogo wa kalasi ya saba wao wanataka tu mutu mwenye filimbi na viatu vizuri. Kila mutu ana jina lake mukononi. Lakini sikusikia hata mumoja aliyeuliza: mwalimu huyu anaacha juu ya nini?

Ninaandika juu ugonjwa huu si wetu peke yetu. Inchi yetu nzima iko nao. Mukumbuke mambo ya Léopards.

Mwaka wa 2019 ekipe yetu ya taifa ilienda Misri kwa Kombe la Afrika. Uganda wakatupiga 2-0. Misri wakatupiga 2-0. Sisi tukapiga Zimbabwe 4-0, kisha Madagascar wakatutoa kwa penalti baada ya 2-2. Na kwa Madagascar ilikuwa mara yao ya kwanza kufika katika mashindano hayo! Mwaka ule ule kocha Florent Ibenge, aliyeshika Léopards tangu 2014, akaacha kazi.

Wakati ule tulikuwa wadogo, lakini tuliwasikia wakubwa wakibishana. Huyu anasema: tulete muzungu, wazungu njo wanajua. Mwingine: hapana, mutoto wa inchi, ule anajua luga yetu. Mwingine tena: achukuliwe mutu aliyecheza mupira zamani. Wengi walifurahi kama mutu aliyetolewa jino bovu. Lakini ni wangapi walihesabu kazi aliyoacha? Mwaka wa 2015, katika Guinea ya Ekweta, ekipe yake ilichukua nafasi ya tatu. Njiani kule Brazzaville walitutangulia 2-0, tukamaliza 4-2 yetu. Mwaka wa 2016, katika Rwanda, alichukua CHAN, lile kombe la wachezaji wanaocheza ndani ya inchi zao. Katika finali pale Kigali tulipiga Mali 3-0. Mwaka wa 2017 akafika robo finali. Hayo yote yalisahauliwa kwa penalti za siku moja.

Na nyuma yake ilikuwa nini? Alichukuliwa mutoto wa inchi, Christian Nsengi Biembe. Ekipe haikupata tiketi ya Kombe la Afrika la Kameruni. Mwaka wa 2021 akaitwa Héctor Cúper wa Argentina. Jina kubwa kama mulima! Alikuwa amefikisha Valencia finali mbili za kombe la ma-klabu bingwa wa Ulaya, 2000 na 2001, na Misri finali ya Afrika, 2017. Kwetu, mwezi wa 3 wa 2022, Maroko wakafanya 1-1 nasi hapa Kinshasa, kisha wakatupiga 4-1 pale Casablanca, na njia ya Kombe la Dunia ikafungwa. Mwezi wa 6 tukapoteza mechi mbili zingine, na yeye akafukuzwa. Akaja wa tatu, Mufaransa Sébastien Desabre. Makocha watatu katika miaka mitatu. Na katika mwaka ule wa 2022, Ibenge wetu alikuwa Maroko na ekipe ya Berkane, akiinua Kombe la Shirikisho la Afrika.

Sasa tuone wale wanaosema kama neno kubwa ni rangi ao inchi ya kocha. Mupira wetu wa taifa una vikombe vine vikubwa vya Afrika. Kile cha 1968 kililetwa na Ferenc Csanádi wa Hungaria. Kile cha 1974, na Blagoja Vidinić wa Yugoslavia. CHAN ya 2009 na ile ya 2016 zililetwa na Wakongo. Viwili kwa viwili. Mizani imesimama sawasawa. Basi ubishi ule ni maji ya kutwanga katika kinu.

Na muone tena namna supota anavyosahau. Mwezi wa 3 wa 1974 Vidinić alitupatia kombe la Afrika. Mwezi wa 6, kwenye Kombe la Dunia katika Ujerumani ya Magharibi, Yugoslavia walitupiga 9-0. Mara moja watu wakasema: ametuuza kwa ndugu zake! Lakini wachezaji wenyewe walieleza nyuma kama walikuwa na uchungu juu ya pesa yao ambayo haikuwafikia. Mambo ya sanduku walimubebesha kocha. Ni rahisi kufukuza mutu mumoja kuliko kutengeneza nyumba nzima.

Tunasoma nini katika Desabre? Hakuja na jina kubwa. Na ni yeye aliyekuwa kocha wa Uganda siku ile walipotupiga 2-0! Kama tungefuata hasira, hangeingia kwetu. Lakini alipewa wakati. Mwanzo wa 2024, katika Côte d'Ivoire, Léopards walitoka wa ine katika Afrika. Hawakuchukua kombe, na kocha hakufukuzwa. Mwezi wa 11 wa 2025, pale Maroko, ekipe yake ikatoa Kameruni 1-0, kisha Nigeria kwa penalti. Ilikuwa mwaka wake wa ine wa kazi. Sisemi kama yeye ni malaika. Ninasema kama muhogo hauchimbwi kila asubuhi kuangalia kama umekomaa.

Najua kuna mwenzangu atasema: basi supota afunge kinywa? Hapana. Supota ana haki ya kuuliza, na tena maulizo mengine ni mazuri. Wakati wa Ibenge watu waliuliza: namna gani mutu mumoja anashika Léopards na tena Vita Club kwa wakati mumoja? Ulizo lile lilikuwa la haki, juu lilihusu kazi. Lakini kuuliza juu ya kazi ya mutu ni kitu kimoja, na kutukana mama yake ni kitu kingine. Cha kwanza kinajenga ekipe. Cha pili kinafukuza watu wazuri na kuacha wenye ngozi ngumu peke yao.

Sisi wa masomo ya Kanisa tunajua habari ya Musa na Yoshua. Musa alipoondoka, watu hawakukimbia huku na huku kutafuta jina. Yoshua alikuwa pale zamani, alimutumikia Musa, aliona kazi, aliona na matata yake. Mwenye kufuata alitengenezwa mbele ya kuachwa kwa kazi. Sisi tunafanya kinyume: tunafukuza kwanza, kisha tunaanza kufikiri.

Sasa nirudie kwetu. Nilienda kumuuliza mwalimu mwenyewe. Nilifikiri atasema juu ya kazi nyingi, juu anatufundisha mupira kisha saa za masomo pasipo kupata hata franka moja, na tuko na mipira miwili, na mumoja unatoka hewa. Akaniambia: « Mwanangu, kupoteza mechi si kitu. Lakini Posho ile mulinitukana mbele ya watoto wangu. Mudogo aliniuliza usiku: Baba, wale ni wanafunzi wako? »

Sikuwa na jibu. Siku ile tulipigwa 3-0 na masomo ya jirani, na mimi nilikuwa kati ya wale waliopiga kelele. Siandiki haya kama mutu aliye safi.

Basi, wandugu, mbele ya kutafuta jina, ninaomba tufanye mambo matatu:

1. Twende kwake, kila kalasi na wajumbe wake, tuombe musamaha. Si kwa kumulazimisha abaki. Hata akienda, aende na shukrani, kama mutu aliyetumika.

2. Tukubaliane kile tunachokitaka. Kama tunataka kupiga jirani tu, tuseme. Kama tunataka wadogo wa kalasi ya saba wakue katika mupira, ile ni kazi ya miaka mitatu ao mine, na kocha asihukumiwe kwa Posho moja. Mipira nayo inunuliwe. Tunaweza kuanza sisi wenyewe kwa muchango mudogo.

3. Yeyote atakayechukuliwa, akiwa mwalimu wa jimnastiki ao muchezaji wa muji, awekewe musaidizi tangu siku ya kwanza, mutu wa kujifunza pembeni yake. Hivi siku akienda, hatutarudia kubishana kwenye robine mpaka ndoo zinamwanga maji.

Tukimaliza yale, njo tulete majina. Mimi pia niko na langu. Nitalitaja siku ile, si mbele.

Mwanafunzi wa kalasi ya ine, Pedagojia