Usingoje Jicho la Mtoto Livimbe



Mwezi huu tuongee juu ya kansa ya jicho kwa watoto wadogo. Kansa hii huanzia ndani, kwenye ukuta wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na karibu watoto wote wanaoipata hawajatimiza miaka 5. Mwanzoni haiumi. Mtoto anacheza na kula kama kawaida. Dalili ya kwanza mara nyingi ni weupe unaong'aa ndani ya mboni, kama jicho la paka usiku. Mama huuona jioni, au kwenye picha ya simu: jicho moja lina doa jekundu, la pili jeupe. Dalili nyingine ni makengeza.

Mtoto akifikishwa mapema, anaweza kupona. Akicheleweshwa, jicho huvimba na kutokeza, na kansa hufuata mshipa wa fahamu hadi ubongoni. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti wa watoto 4,351 kutoka nchi 153. Katika nchi tajiri, waliokutwa kansa imekwisha toka nje ya jicho hawakufika 2 kati ya 100. Katika nchi maskini walikuwa 49 kati ya 100. Ugonjwa ni ule ule, sisi tunachelewa.

Muda hupotea wapi? Kwanza nyumbani, tunaposema mtoto amerogwa na kumtia maji ya majani jichoni. Pili dukani: Tunduma haikosi maduka ya dawa, na tyubu ya macho hupatikana upesi. Tatu zahanati, ambako mtoto hupewa tyubu na mama huambiwa arudi baada ya wiki mbili. Tyubu husaidia jicho lenye usaha. Weupe ulio ndani ya mboni haiufikii.

Maoni yangu ni haya: mtoto mwenye mboni nyeupe asitoke zahanati bila barua ya rufaa, siku hiyo hiyo. Hata ikigundulika ni mtoto wa jicho, hilo nalo linahitaji daktari wa macho mapema. Mama asipopewa barua, aiombe bila woga.

Kutoka Tunduma hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ni kilomita 100 hivi. Wengine hupelekwa mpaka Muhimbili, zaidi ya kilomita 900. Wengi hukwama kwa nauli. Jumuiya Ndogo Ndogo zetu huchanga kwa moyo panapotokea msiba. Tuchange nauli mtoto angali hai. Na mkifika hospitali, mwoneni afisa ustawi wa jamii kuhusu gharama.

Akina baba, nawaomba jambo moja. Daktari akisema jicho litolewe, msimrudishe mtoto nyumbani. Ni uamuzi mchungu, lakini heri nusu shari kuliko shari kamili. Mtoto mwenye jicho moja atasoma, atalima, ataoa au kuolewa, na jicho la bandia lipo. Ndugu zake wadogo nao wapimwe, kwa maana kansa hii yaweza kurithiwa.

Leo jioni, mtazame mwanao machoni. Ukiona weupe, kesho asubuhi uwe njiani.