Tusikikimbize Kishale

Baadhi ya walimu warekodio masomo kutoka skrini ya kompyuta huiachia programu, kama vile Camtasia, ikuze picha na kukiandama kishale kila kiendapo. Sisi hatuukubali mtindo huo. Picha ikikuzwa mara 2, mwanafunzi hubakiwa na robo tu ya eneo la skrini. Robo 3 humtoka machoni. Tuchukue somo la kutafuta wastani wa alama katika jedwali la Excel. Kishale ki chini, mwisho wa safu. Lakini fomula yaonekana katika upau ulio juu kabisa, nazo alama zaanzia huko huko juu. Ataelewaje wastani umetoka wapi? Mwalimu aelekezaye fimbo kwenye Ziwa Tanganyika hakunji sehemu iliyobaki ya ramani ya Afrika.

Ni kweli kwamba kwenye simu maandishi madogo hayasomeki. Basi ninyi mnaojifunza ualimu, kuzeni pale tu pasiposomeka: onyesheni kwanza skrini nzima, karibieni, tulieni mpaka mwanafunzi amalize kusoma, kisha rudini kwenye picha nzima kabla ya kukisogeza kishale kwingine.