Tikiti ya pari nayo ipimwe kwenye mzani

Kule Rubaya, wilayani Masisi, hakuna mchimbaji anayekubali koltani yake ipimwe akiwa amegeuza mgongo. Anasogea karibu na mzani na kuuliza kwa nini kilo zimekatwa kwa ajili ya maji, kisha anabishana na mnunuzi juu ya ubora wa mali. Ndivyo ilivyo pia Walikale, ambako kwa miaka mingi wabebaji walitoka Bisie na mifuko ya kasiteriti ya kilo 50 mgongoni, wakipita msituni kwa miguu hadi Njingala. Mtu aliyebeba mzigo wa namna hiyo hakubali kuibiwa hata gramu chache.

Jioni inapofika, kijana huyohuyo anachukua simu, anachagua mechi kumi za mpira wa Ulaya, anatuma franka zake na kungoja. Haulizi mwenye mchezo anakata ngapi. Mzani wa pari haumo machoni pake, kwa hiyo anadhani haupo.

Upo, na una hesabu yake. Kila mchezo wa pesa una fungu la mwenye meza, yaani kiasi anachobaki nacho hata kama hakuna udanganyifu wowote. Fungu hilo halitokani na bahati. Linatokana na kanuni, na kanuni moja inayoonekana ndogo inaweza kulifanya liwe mara mbili au mara nne.

Mfano unaojulikana zaidi duniani ni karata ya ishirini na moja, ile inayoitwa blakijeki katika kasino. Mchezaji anayeijua vizuri, kwenye meza yenye kanuni nzuri, hupoteza kwa wastani karibu franka 5 katika kila franka 1,000 anazoweka. Kwenye meza hiyo, anayepata 21 kwa karata mbili za kwanza hulipwa 3 kwa 2: akiweka franka 10,000, anapata faida ya 15,000. Siku hizi kasino nyingi hulipa 6 kwa 5, yaani 12,000 tu. Kwa mtu asiyepiga hesabu, tofauti hiyo ni ndogo. Lakini karata hiyo hutokea karibu mara moja katika kila michezo 21, na kanuni hiyo peke yake huongeza takriban franka 14 juu ya zile 5. Fungu la mwenye meza limekaribia mara nne, na hakuna karata hata moja iliyofichwa.

Kanuni nyingine hufanya kazi ileile polepole. Mgawaji akiruhusiwa kuongeza karata anapokuwa na 17 yenye ree inayohesabiwa 11, fungu linapanda kwa karibu franka 2 katika 1,000. Kutumia pakiti nane za karata badala ya moja huongeza franka 5 hivi. Gurudumu la ruleti lenye sifuri moja hubakiza karibu franka 27 katika 1,000, lakini lenye sifuri mbili hubakiza 53. Ni kishimo kimoja tu kilichoongezwa.

Masisi na Walikale si nchi ya makasino. Huko, penye mtandao wa simu, meza ni simu yenyewe. Lakini hesabu haibadiliki. Chukua mechi ya timu mbili zenye nguvu sawa, ambayo lazima moja ishinde. Watu wawili wanaweka franka 1,000 kila mmoja, mmoja huku na mwingine kule, kwa malipo ya 1.90. Mwenye pari amepokea 2,000, atalipa 1,900, amebaki na 100. Amekata asilimia 5. Akishusha malipo hadi 1.80, anabaki na 200, asilimia 10. Kwenye simu, tofauti hiyo ni tarakimu moja baada ya nukta.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye tikiti ya mechi nyingi, ile ambayo vijana wanaipenda kuliko zote kwa sababu inaahidi pesa nyingi kwa franka chache. Katika tikiti hiyo, mwenye pari anakata kwenye kila mechi, moja baada ya nyingine. Mechi kumi za namna ile, kila moja ikilipa 1.90, zinageuza franka 1,000 kuwa karibu 613,000. Kijana akiona namba hiyo anaruka kwa furaha. Lakini nafasi ya kupatia zote kumi ni moja kati ya 1,024, na malipo ya haki yangekuwa franka 1,024,000. Kwa malipo ya 1.80 angepata 357,000 tu, karibu theluthi moja ya haki yake. Kwa lugha ya mzani, ni kama kupeleka kilo kumi kituoni na kulipwa kilo sita, au tatu na nusu.

Hata zawadi ya kuanzia ina mzani wake. Mtu anapewa franka 5,000 za bure kwa sharti kwamba achezeshe mara kumi kabla ya kutoa pesa. Mara kumi ni franka 50,000 za kuweka. Fungu likiwa asilimia 10, kwa wastani zile 5,000 zimeisha zote kabla hajaruhusiwa kuzigusa.

Wako wanaosema kwamba haya ni starehe ya vijana, na kwamba anayevuja jasho shimoni ana haki ya kutumia pesa yake anavyotaka. Ni kweli. Kupiga marufuku nako hakujaonyesha matunda makubwa. Uganda ilitangaza Januari 2019 kwamba haitatoa tena leseni mpya za pari, lakini pari bado zinachezwa. Kenya ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30 mwishoni mwa Aprili 2025. Hatua za namna hiyo zinagusa leseni na matangazo. Hazimwambii mchezaji anakatwa ngapi.

Katika maeneo haya, sheria yenyewe imekuwa ikihama pamoja na mstari wa mapigano. Rubaya iliingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Aprili 2024. Walikale-centre ilitekwa Machi 2025, kisha waasi wakaondoka mwezi uliofuata. Familia zilizokimbia zimepoteza mashamba na mifugo, na pesa ya mgodi ndiyo inayolipa chakula, dawa na ada ya shule. Pesa hiyo haistahili kupimwa gizani.

Kinachotakiwa si kikubwa. Kwa miaka mingi mfuko wa koltani wa Masisi ulifungwa lebo kabla ya kusafirishwa, ili mnunuzi wa mbali ajue unatoka wapi. Tikiti ya pari nayo iwe na lebo: katika kila franka 1,000, mwenye mchezo anabaki na ngapi. Iandikwe kwa Kiswahili, kwa tarakimu kubwa, kabla ya mtu kubonyeza, na kanuni ikibadilishwa, lebo ibadilike siku hiyohiyo. Viongozi wa Kinshasa wanaweza kulidai hilo kwa kampuni zinazopokea pesa kupitia mitandao ya simu, bila kungoja vita viishe.

Wakati huo, vyama vya wachimbaji, walimu, makanisa na misikiti hawahitaji ruhusa ya mtu kufundisha hesabu hii. Inatosha ubao, chaki na dakika kumi. Kijana ambaye bado atataka kucheza baada ya hapo, acheze. Lakini awe ameuona mzani kwanza, kama anavyofanya kila siku kituoni kabla ya kuachia mfuko wake.