Pua, jicho na kuvu: nini kinaweza kupimwa Kamina?

Mkaaji wa Kamina mwenye kichwa kuuma na pua kuziba anaweza kuambiwa ana malaria ao sinuziti ya kawaida, apewe antibiotiki, arudi nyumbani. Mara nyingi hiyo inatosha. Lakini kwa mwenye ugonjwa wa sukari, ao mwenye kinga ya mwili iliyoshuka sana, kungoja kunaweza kumnyima jicho, hata uhai.

Sababu inaweza kuwa kuvu. Mbegu zake ziko katika udongo, vumbi na mkate uliooza. Kila mtu anazivuta na hewa, na mwili wenye nguvu unazishinda. Mwili dhaifu ukishindwa, kuvu inaziba mishipa ya damu, nyama inakufa na kuwa nyeusi. Kutoka puani inafika jichoni, kisha kwenye ubongo, kwa siku chache tu.

Mwaka 2021 India ilihesabu wagonjwa zaidi ya 40,000 wakati wa Covid-19. Wengi walikuwa na sukari ya juu na walipewa dawa za jamii ya deksametazoni, zile ambazo wengine Kongo wananunua bila karatasi ya munganga ili wanenepe.

Kazi ngumu ni kuitambua. Mwanzoni, picha ya skana inaweza kufanana na ya sinuziti ya kawaida. Kamasi haitoshi, sababu kuvu inaweza kukaa puani bila kudhuru. Kinachokata shauri ni kipande cha nyama kutoka puani, kitazamwe kwa mikroskopu. Kuotesha kuvu katika labo kunachukua siku, na pengine haioti.

Kwa miji iliyo mbali na hospitali kubwa, hapo kuna tumaini. Mikroskopu ndiyo ileile ya kutafuta malaria na kifua kikuu. Tone la maji ya potasi linalainisha nyama, nyuzi za kuvu zinabaki wazi, na jibu linaweza kutoka siku ileile. Nyuzi pana kama utepe zinaelekeza kwa mukormikosi. Nyembamba zenye vigawanyo, kwa aspergilosi. Ila jibu la "hakuna" halimalizi mashaka.

Matibabu ni operesheni ya kuondoa nyama iliyokufa, pamoja na amfoterisini B kwenye mshipa, figo zikichungwa. Kama mgonjwa wa Kamina anatumwa Lubumbashi, safari nayo inakula saa. Mwaka 2025, OMS ilionya kwamba vipimo na dawa za kuvu ni haba duniani. Kwa hiyo mashaka yaanze mapema, kwenye kituo cha afya.

Alama ni hizi: uso kuvimba ao kufa ganzi upande mmoja, jicho kutokeza, kuona mbili-mbili, doa jeusi puani ao kwenye kaakaa. Mwenye sukari akiona hata moja, asingoje antibiotiki iishe. Apimwe sukari, pua na kaakaa vitazamwe siku hiyohiyo.