Wanafunzi Waruhusiwe Kujipangia Vitufe

Wapo walimu wa somo la tarakilishi wanaofundisha uhariri wa picha kama wanavyokaririsha jedwali la kuzidisha: herufi hii kwa kazi hii, na ole wake atakayeigeuza. Katika shule moja nisiyotaka kuitaja, niliona tangazo ukutani likionya kwamba mwanafunzi atakayebadilisha mpangilio wa vitufe ataadhibiwa. Marufuku ya aina hiyo, kwa maoni yangu, inamnyima mwanafunzi sehemu ya elimu yenyewe.

Njia hizi za mkato hazikuteremshwa kutoka mbinguni. Programu ya GIMP, ambayo hutolewa bure, ilianzishwa mwaka wa 1995 na Spencer Kimball na Peter Mattis, wakati huo wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Humo, brashi ya rangi huitwa kwa kitufe cha P. Katika Photoshop brashi iyo hiyo ni B. Kukata kingo za picha ni C pekee katika Photoshop, ilhali GIMP hudai Shift pamoja na C. Aghalabu herufi hizo zilichaguliwa ili zimkumbushe mtumiaji neno la Kiingereza. Je, kuna ubaya gani kijana anayefikiri kwa Kiswahili akitaka K imkumbushe kukata, na F imkumbushe kufuta?

Isitoshe, watengenezaji wenyewe hubadili nia. Kwa miaka mingi Ctrl na Z katika Photoshop zilitangua hatua ya mwisho tu. Ukizibonyeza tena, lile ulilolitangua lilirejea. Aliyetaka kurudi nyuma zaidi alilazimika kuongeza Alt. Mnamo Oktoba 2018 kampuni ya Adobe iliugeuza utaratibu huo, kila mbonyezo ukawa unarudi nyuma hatua nyingine. Hata hivyo, wakongwe waliozoea mtindo wa kale waliachiwa nafasi ya kuurejesha. Ikiwa mwenye mali amelegeza kamba, mwalimu anaikazia nini?

Lakini linalonigusa zaidi ni hali ya mwanafunzi anayetumia mkono mmoja. Ili kuitoa picha kutoka GIMP katika muundo wa kawaida, anatakiwa kubonyeza Ctrl, Shift na E kwa pamoja, na mkono huo mmoja ndio ulioshika kipanya. Huyu hawezi kuambiwa ajizoeze. Kazi hiyo ikihamishiwa kitufe kimoja, ataimaliza sawa na wenzake. Mabadiliko yenyewe hayachukui hata dakika: katika menyu ya Edit mna orodha ya vitufe, unachagua kazi, unabonyeza kitufe unachokitaka. Kikiwa tayari kina kazi nyingine, programu inakuonya kwanza.

Najua walimu watanijibu kwamba mashine ni chache, na kwamba anayekuja saa nne hukuta vurugu iliyoachwa na aliyeketi hapo saa mbili. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, dawa yake ni kumpa kila mwanafunzi jina lake la kuingilia katika mashine, si kumtisha. Photoshop huhifadhi mpangilio kama faili yenye jina, nayo yaweza kubebwa kwa flashi. GIMP nayo ina amri ya kuvirejesha vitufe vyote katika hali yake ya awali, amri ambayo, nashuku, mwandishi wa lile tangazo hakuwahi kuiona.

Mpangilio wa awali ufundishwe kwanza, kwani ndio mwanafunzi atakaoukuta kwenye mashine ya mwajiri au ya duka la picha. Baada ya hapo, mwalimu awape wanafunzi kazi kumi za kuhariri, kila mmoja azichagulie vitufe na kuandika sababu zake daftarini. Atakayechagua kitufe kilicho mbali na kidole, au akawapa kukata na kukuza herufi moja ya K, atagundua tatizo mwenyewe kabla ya kengele kulia.